Hafla za kutafuta mwenza Kampala: soma fomu, achana na bango

Usiniulize hafla ipi ni nzuri. Nimehudhuria za kengele (unazungumza na mtu dakika chache, kengele ikilia unahamia kwa mwingine), za matembezi, za chakula cha jioni na za kanisani. Ile inayomfaa kijana wa miaka 26 anayetaka kuzoeana na watu ndiyo hiyo hiyo itakayompotezea jioni mama wa miaka 41 anayetaka ndoa. Bango halikuonyeshi tofauti hiyo, maana yote yana glasi mbili na ua jekundu. Fomu ya kujiandikisha ndiyo inayosema.

Fomu inayouliza jina na namba ya simu tu ni ya karamu. Nenda ukacheze muziki, ila usitegemee kurudi na mchumba. Fomu ya maana inauliza mwaka wa kuzaliwa, dini, kama una watoto, kama umewahi kuoa au kuolewa, na unatafuta nini. Iulize mwaka wenyewe, si "rika", kwa sababu kwenye rika watu hujipunguzia. Kwa hapa kwetu ningeongeza ukoo. Baganda, yaani watu wa kabila la Buganda, wa ukoo mmoja ni ndugu, hawaoani, na waandaaji wengi hawaliulizi hilo, basi linaibuka mezani dakika ya pili:

"Wewe wa ukoo gani?"

"Nkima."

"Eh! Kumbe dada yangu!"

Zimebaki dakika tatu za kuongelea foleni ya Jinja Road.

Mtindo wa kengele ulianzishwa Los Angeles mwishoni mwa miaka ya 1990 na rabi Yaacov Deyo, ili Wayahudi waseja wapate kuoana wao kwa wao. Yaani watu walikuwa wameshachujwa kwa dini na kwa nia kabla kengele haijalia. Ukichukua kengele ukaacha mchujo, umebaki na kelele. Ndiyo maana aina hii naipa alama za juu pale tu fomu ilipofanya kazi yake.

Piga hesabu kabla ya kulipa. Jozi 12, dakika 5 kila mazungumzo na moja ya kuhama, ni dakika 72. Hiyo inavumilika. Jozi 20 ni saa mbili kamili, na kufikia mtu wa kumi na nne sauti imekauka na majina yamechanganyika. Ile dakika ya kuhama itumie kuandika kwenye kadi neno moja alilolisema mtu, siyo sura yake. "Kuku wa mayai" litakukumbusha, "mrefu" halitakukumbusha.

Halafu muulize mwandaaji: wanaume wangapi wameshalipa? Usiulize waliojiandikisha, kwa sababu wanaume hujiandikisha wengi na kulipa wachache. Wakiwa wanawake 16 na wanaume 11, kila mwanamke atakaa peke yake mizunguko mitano kati ya 16, dakika 25 za kuitazama soda. Tofauti ya mtu mmoja au wawili si neno. Ikizidi hapo, subiri hafla ijayo.

Kuhusu umri, "miaka 25 hadi 45" ni dalili kwamba wanajaza viti. Chini ya miaka 35, tafuta hafla ambayo tofauti kati ya mdogo na mkubwa haizidi miaka kumi. Mwanamke aliyepita 38 atafute ile inayopanga wanaume juu kidogo, kwa mfano wanaume 40 hadi 52 na wanawake 36 hadi 48. Mkiwekewa kiwango kimoja, wanaume wa 44 huishia kwenye meza za wenye miaka 29, nawe utabaki kupiga soga na mhudumu.

Matembezi yanawafaa wenye haya, maana mnaongea mkitazama njia. Anza na msitu wa Mabira, unakwenda na kurudi siku hiyo hiyo. Maporomoko ya Sipi ni mbali, mpaka kulala, na kumkwepa mtu usiyemtaka usiku kucha ni kazi. Kwenye basi kaa na mmoja wakati wa kwenda na mwingine wakati wa kurudi. Kanisani ni kwa mwenye nia ya ndoa, ila uliza kwanza kama kikao ni cha "vijana" au cha watu wazima.

Chakula cha jioni nakiweka mwisho. Unalipa zaidi, halafu unazungumza na wawili tu, wa kulia na wa kushoto.

Malipo ya simu: jina linapojitokeza kabla ya namba ya siri, likiwa si la mwandaaji wala mtu aliyekutajia, acha. Kabla ya hapo uliza jambo moja ambalo wengi hawaliulizi: namba yangu mtaipeleka wapi? Mfumo mzuri ni namba kutolewa pale wote wawili walipowekeana alama kwenye kadi. Mbaya, na umeenea, ni kuamka Jumatatu ukiwa umeingizwa kwenye kundi la WhatsApp la watu 60, na namba za wanawake wote ziko wazi. Wakisema "tutafungua kundi", wape laini yako ya pili.