Mafunzo ya wafanyakazi kwa kompyuta: biashara ndogo ianze kununua nini

Biashara ndogo haina darasa. Mgeni kazini huketi kando ya mwenyeji siku mbili tatu, akaangalia mikono inavyokwenda, kisha akaachiwa kaunta. Mwenyeji akiwa mwelekezaji mzuri, mambo hunyooka. Akiwa na haraka, mgeni hurithi njia zake za mkato pamoja na makosa yake. Na siku mwenyeji akiacha kazi, huondoka na mafunzo yote kichwani.

Kompyuta inaweza kuziba pengo hilo, ila wauzaji wa mifumo ya mafunzo hawaanzii hapo. Wanaanza kwa kukuhesabia kozi walizonazo, maelfu kwa maelfu. Mimi nimepanga machaguo haya kwa kipimo kingine: lipi litamfanya mtu mpya aimudu kazi yako, kwa utaratibu wako, mapema na kwa gharama ndogo? Nina maana ya biashara yenye watu watatu hadi kama thelathini hivi.

Nafasi ya kwanza: masomo mafupi unayorekodi mwenyewe

Ndiyo, namba moja katika mwongozo huu wa kununua ni kitu ambacho karibu hununui. Mchukue keshia wako hodari, washa programu ya kurekodi skrini (OBS Studio ni ya bure, na inafanya kazi kwenye Windows, Mac na Linux), mwambie apokee bidhaa iliyorudishwa na mteja huku akieleza kila anachobonyeza. Dakika tatu, jambo moja, basi. Kesho arekodi kufunga hesabu za siku. Kazi isiyo ya skrini, kama kupanga stoo au kusafisha mashine, irekodi kwa simu. Kama kuna pesa ya kutumia hapa, nunua kipaza sauti kizuri kabla ya kamera. Picha hafifu huvumilika, sauti inayokwaruza haivumiliki.

Chunga ukubwa wa faili, hasa kama wafanyakazi wataangalia kwa intaneti wanayojilipia. Video ya dakika tatu kwa kasi ya megabiti 1 kwa sekunde ni kama megabaiti 22. Kwa megabiti 8, ni 180. Skrini ya kompyuta haichezicheza sana, kwa hiyo kasi ndogo mara nyingi inatosha na maandishi bado yanasomeka.

Video peke yake, hata hivyo, ni nusu ya kazi. Mwanasaikolojia Hermann Ebbinghaus alionyesha tangu 1885 jinsi mtu anavyosahau kwa kasi alichojifunza asipokirudia. Mwaka 2006, watafiti Roediger na Karpicke waliwapa wanafunzi maandishi ya kusoma: wengine wakayarudia, wengine wakajipima. Baada ya dakika tano, waliorudia kusoma walikuwa mbele. Baada ya wiki moja mambo yaligeuka, waliojipima wakawa wanakumbuka zaidi. Ndiyo maana mfanyakazi akitoka kwenye video akasema "nimeelewa", usimwamini sana, na yeye pia asijiamini. Tengeneza maswali matano kwenye Google Forms, yasahihishwe yenyewe, ajibu siku hiyo na ayajibu tena wiki inayofuata. Maswali yawe ya tukio: "Mteja amekuja bila risiti, unafanya nini kwanza?" Swali la kukariri fasili halimsaidii mtu aliyesimama mbele ya foleni.

Udhaifu wa njia hii utauona masomo yakifika kama kumi na tano. Viungo vinapotea, hujui nani amefaulu nini, na mtu anajifunza kwa video ya utaratibu ulioubadilisha zamani. Hapo sasa ndipo pa kutoa pesa.

Nafasi ya pili: Moodle iliyohifadhiwa na mtu mwingine

Moodle ni programu huria iliyoanzishwa na Martin Dougiamas huko Australia. Toleo lake la 1.0 lilitoka 2002. Inatunza masomo, inasahihisha, inaonyesha nani yuko wapi, na programu yake ya simu humruhusu mtu kupakua somo na kuendelea bila mtandao. Yenyewe ni bure, lakini ubure huo unaishia kwenye kupakua. Baada ya hapo kuna seva, masasisho ya usalama na nakala za akiba, na kila kimoja kinataka mtu. Kama huna fundi kwenye orodha ya mishahara, lipia huduma ya kuhifadhiwa. Moodle ya kujiendeshea bila fundi ningeiweka chini kabisa. Mwenye duka hageuki msimamizi wa seva kwa kupenda tu.

Nafasi ya tatu: mfumo wa kulipia kwa mwezi, kwa kila kichwa

Ni rahisi kuanza na unapendeza macho. Hatari iko kwenye mkataba. Uliza kama unalipia aliyesajiliwa au aliyetumia mfumo mwezi huo. Kwa biashara ambayo watu huingia na kutoka, tofauti hiyo ndiyo bei yenyewe. Uliza kuna kima cha chini cha watumiaji. Mwenye watu sita asije akalipia viti ishirini na tano. Kisha uliza ukihama unaondokaje: masomo yatoke kwa SCORM, muundo wa faili za masomo ambao mifumo mingi huupokea, na matokeo yatoke kama jedwali la kawaida. Muuzaji akianza kuzungukazunguka hapo, umeshapata jibu.

Nafasi ya nne: maktaba za kozi zilizo tayari

Udemy, Coursera, LinkedIn Learning na wenzao wanafaa kwa ujuzi usio wa biashara yako pekee: Excel, misingi ya uhasibu, kutambua barua pepe za utapeli. Mnunulie mtu mmoja kozi moja anayoihitaji, usisajili kikosi kizima. Na kabla ya kulipia ya Excel, kumbuka kwamba Microsoft wenyewe wana masomo ya video ya Excel bila malipo.

Mwisho: kozi ya kutengenezewa

Hupendeza sana siku ya kukabidhiwa. Shida huja bei inapobadilika, au fomu, au mashine, nawe huwezi kurekebisha hata neno. Waliotengenezewa kozi kwa Flash, programu ya zamani ya kuonyesha katuni na video kwenye kivinjari, walilijua hilo kwa uchungu: Adobe iliacha kuihudumia tarehe 31 Desemba 2020, na kuanzia 12 Januari 2021 ikaizuia kuonyesha chochote. Kama ni lazima ununue, mkataba useme unakabidhiwa faili za kuhariri, si kozi iliyokwisha kufungwa tu.

Chochote utakachochagua, tafuta kwanza kosa moja linalokugharimu, kwa mfano hesabu ya stoo isiyolingana, kisha lihesabu kwa mwezi mzima kabla ya mafunzo na mwezi mmoja baada yake. Donald Kirkpatrick aligawa tathmini ya mafunzo katika ngazi nne tangu 1959: walivyoyapokea, walichojifunza, walivyobadilika kazini, na matokeo. Ripoti za kupendeza za wauzaji nyingi hukaa kwenye ngazi ya kwanza, ile ya nyuso za kutabasamu.

Kipindi cha majaribio ya bure usikitumie wewe wala meneja. Mpe yule anayeandika kwa kidole kimoja, ndani ya saa za kazi, kwenye kompyuta ileile kongwe ya kaunta, na ukae kando yake bila kusema neno.