Uzoefu wangu: Bustani ya Mimea ya Amani, Muheza

Anayepanda milima kwenda Amani akitarajia maua yaliyopangwa kwa rangi na nyasi zilizofyekwa vizuri atashuka amenuna. Hii ni bustani ya miti. Wajerumani waliianzisha mwaka 1902 kwa majaribio ya mazao. Walileta mbegu na miche kutoka pande nyingi za dunia, wakaipanda katika vipande vilivyotawanyika kwenye hekta 300 hivi, kuanzia Sigi kwenye mita 400 na ushei hadi juu kabisa kwenye mita 1,000 na zaidi, ili waone mmea gani unastawi mwinuko upi. Vipande vingi sasa vimemezwa na msitu wa Usambara Mashariki. Unaweza kupita katikati ya miti ambayo ni shida kuiona kwingine Tanzania na usijue kama umeipita.

Ndiyo maana kwangu mwongozaji anatangulia kila kitu, hata malazi. Ukifika geti la Sigi usiseme tu unataka mtu wa kuwatembeza. Sema unataka anayeijua miti ya bustani kwa majina, kwa sababu wapo walio hodari zaidi wa ndege au vinyonga. Mtajie unachotaka kuona: mkafuri (mti wa karafuu maiti), mkwinini, viungo, mianzi mikubwa. Tenga saa tatu za mwendo wa pole kwa eneo la Amani peke yake. Vibao usivitegemee.

Kwenye mkafuri usiishie kupiga picha. Okota jani lililoanguka, likunje, lifikiche kwa vidole: harufu ya karafuu maiti inakupanda puani papo hapo. Kisha chukua jani jingine uligeuze. Pale mishipa mikuu inapoachana karibu na kikonyo utaona vinundu vidogo. Ukipata jani la mdalasini, ndugu yake wa karibu, utaikuta mishipa mikuu mitatu vilevile, lakini vinundu hivyo huvioni. Mkwinini nao una habari yake: katika Vita Kuu ya Kwanza, jeshi la Wajerumani lilipokatiwa njia ya dawa kutoka kwao, kwinini ya askari ilitengenezwa kwa magome ya hapa Amani. Gome lenyewe usilibandue. Mti uliochunwa kila siku na wageni haudumu.

Mwombe pia mwongozaji akuonyeshe Maesopsis eminii, mti mrefu ulionyooka, kwa sababu unafundisha madhara ya bustani za namna hii. Uliletwa, ukapandwa, na ndege aina ya hondohondo wakaanza kula matunda yake na kudondosha mbegu msituni. Popote magogo yalipovunwa na mwanga ukaingia, ukaota haraka kuliko miti ya asili. Ukishaujua sura utauona kila upande, na utaelewa kwa nini wahifadhi wanauzungumzia kwa uchungu.

Sigi kwenyewe wengi hupita haraka, na wanakosea. Nyumba ya zamani ya mkuu wa stesheni, enzi za reli ya Tengeni hadi Sigi, ndiyo kituo cha habari. Ukanda huu wa chini ndio nauona mzuri zaidi kwa kutafuta Saintpaulia porini, lile ua dogo la zambarau linalouzwa kwenye vyungu Ulaya nzima. Usilitafute kwenye jua. Tazama miamba yenye kivuli na kuvumwani (uoto mwororo unaofunika mawe), karibu na maji, na ushushe macho: majani yake yenye manyoya yamelala bapa juu ya jiwe. Usiling'oe hata mche mmoja.

Usafiri ndio unaoharibia watu ziara. Kutoka mjini Muheza hadi Amani ni kama kilomita 35, na kipande cha kutoka Sigi kwenda juu ni kona na mteremko mkali. Udongo ni mwekundu na ukilowa unateleza kama sabuni, kwa hiyo masika, Machi hadi Mei, usije bila gari la kuvuta magurudumu yote manne. Kushuka tumia gia ndogo. Ukikanyaga breki mfululizo zinapata moto na kulegea. Basi kwa kawaida hupanda mchana na kushuka alfajiri, hivyo anayekuja kwa basi ajue analala. Januari na Februari njia huwa nzuri zaidi. Julai hadi Septemba kuna baridi na manyunyu, lakini panatembeka.

Chukua kitambulisho, maana mwananchi na mgeni hawalipi sawa, na weka pesa kwenye simu kabla hujaondoka Muheza kwa kuwa mtandao njiani ni wa kubahatisha. Uliza mapema kama mwongozaji na gari vinalipiwa kando. Chakula kiagize kabla hujafika ili mpishi anunue vitu, na machungwa ya Muheza yabebe kwa wingi. Viatu viwe vyenye meno. Suruali ichomekwe ndani ya soksi, kwa ajili ya siafu. Sweta ni lazima hata kama Tanga mnatoka jasho.

Usiku mmoja uutoe kwa vinyonga. Wakilala wanapauka, na tochi ukiishika usawa wa jicho, si kiunoni, mwanga unakurudishia weupe wao kwenye ncha za vitawi. Dume la kinyonga wa pembe tatu wa Usambara ukimpata, mmulike kwa muda mfupi tu, mpige picha bila kugusa kitawi, mwache. Akishtuka huachia na kuanguka.