Saluni ya Kabwe: msuko safi, runinga inakera

Kwa kusuka, saluni hii ya karibu na Kabwe, Mbeya, naisifu. Msusi ana mkono mwepesi. Twende kilioni yangu imelala vizuri na sikuhitaji panadol usiku. Kwa baridi ya Juni ya huku wanakupa na chai ya tangawizi.

Shida runinga. Walikuwa wameweka Breaking Bad, tamthilia ya Marekani ya 2008 hadi 2013, na saluni nzima iko upande wa Walter. Huyu Walter ni mwalimu wa kemia, anapika dawa za kulevya, anamwacha binti wa watu afe kwa kupaliwa na matapishi, anampa mtoto sumu, na wao wanasema: "Mwanaume anahangaikia familia." Mkewe Skyler analala na bosi wake: "Malaya huyo, afukuzwe!" Jamani. Dada aliyekuwa ananiosha nywele ndiye aliyepiga kelele kuliko wote, povu linaniingia machoni.

Mimi pia Skyler alinitoka moyoni, ila si kwa sababu ya bosi. Ni pale aliposhauri wanunue sehemu ya kuoshea magari ili wasafishie fedha chafu, huku yeye akishika hesabu. Hapo ni mhalifu, lakini Walter alimtangulia mbali. Anna Gunn aliyemwigiza aliandika gazetini mwaka 2013 jinsi chuki ya watazamaji ilivyomfikia hadi yeye mwenyewe. Mwaka huohuo alichukua tuzo ya Emmy.

Bei inapungua ukija na rasta zako. Jumamosi wahi asubuhi, foleni inakuwa ndefu.