Pikipiki za matairi manne kwa Mtwara na Lindi: ipi inastahili pesa yako

Ukiingia dukani, muuzaji ataanza na CC. Mwache amalize, kisha muulize mambo matatu: ina difu mbele, nguvu inakwenda kwenye matairi kwa cheni au shafti, na gia zake ni za kawaida au ni za mkanda. Huku kusini majibu hayo ndiyo yanayoamua kama utatembea au utasukuma. Mchanga wa Msimbati na Ruvula ni laini na mzito, vijia vya mikoroshoni vina visiki, miteremko ya Newala kuelekea Mto Ruvuma ni mikali, na kifuku kikishika tope linafika kwenye ekseli.

Kwa mtu anayetaka mashine moja ya matembezi ya kila aina, tunaiweka mbele Honda Rancher 420, toleo la 4x4 (nguvu inafika matairi yote manne). Haina mkanda, ina gia na klachi inayokaa ndani ya oili, kwa hiyo kwenye mchanga mzito hakuna cha kuungua upesi. Ukishuka mlima na gia ndogo, injini yenyewe inaishika mashine na breki zinapumzika. Nguvu inakwenda kwa shafti, na hilo karibu na bahari ni faida kubwa, maana chumvi hula cheni haraka. Angalia usiuziwe toleo la 2x4 (nguvu nyuma tu), kwa mbali zinafanana. Inama uone kama kuna difu na shafti za mbele. Kasoro yake ni uzito: 4x4 inazidi kilo 250, na ikizama haiinuliki kwa mikono ya watu wawili. Funga winchi, au angalau beba kamba nene.

Yamaha Raptor 700R (CC 686) ni mnyama wa ufukweni. Ni nyepesi kuliko Rancher, ina kasi, na mchanga wazi inaufurahia. Ila inavutwa na cheni, nguvu iko nyuma tu, haina gia nzito ya L wala keria, na kiti ni cha mtu mmoja. Asiyewahi kuendesha asianzie hapo.

Suzuki KingQuad 400 ya otomatiki na CFMOTO CForce 450 (jina linasema 450, injini ni ya CC 400) ni rahisi kuendesha kwa sababu hakuna kubadili gia. Zinatumia mkanda. Kwenye mchanga mzito weka L tangu mwanzo. Ukilazimisha H (gia ya kasi), mkanda unateleza, unapata moto na harufu ya mpira ulioungua inakufikia. Maji nayo yakiingia kwenye boksi la mkanda, injini italia lakini mashine haitakwenda. Simama, fungua plagi ya chini ya boksi maji yatoke, kisha weka N (gia huru) na uiache ingurume kidogo ikauke. Nunua mkanda wa akiba siku unayonunua mashine, maana ukikatika utasubiri basi kutoka Dar.

Za Kichina za CC 200 zenye gia na injini ya mtindo wa CG (kama ya bodaboda) tunazikubali kwa anayeanza. Plagi, CDI (kiboksi cha kuwashia cheche), kabureta na sahani za klachi fundi wa bodaboda yeyote anazijua. Asichokuwa nacho ni beringi na ekseli ya nyuma, na hizo ndizo zinazokufa kwanza. Kabla ya safari ya kwanza kaza upya nati zote za matairi, za usukani na za ekseli. Otomatiki ndogo za injini ya GY6 (ya mtindo wa skuta) ziache kama unakwenda mlimani: ukiachia mafuta, klachi inaachia na mashine inaserereka.

Sasa matairi, ambako wengi huharibu mashine nzuri. Upepo wake ni mdogo mno, kwa nyingi kati ya psi (kipimo cha upepo) 3 na 7. Soma stika iliyobandikwa kwenye madigadi. Namba kubwa iliyochapwa ubavuni mwa tairi mara nyingi ni ya kukalisha tairi kwenye rimu, si ya kutembelea. Ukijaziwa psi 30 kama bodaboda, tairi linakuwa duara gumu na linachimba shimo badala ya kuelea juu ya mchanga. Geji ya kituo cha mafuta haisomi vizuri chini ya psi 10, hivyo nunua geji ya upepo mdogo na pampu ya mkono. Usipunguze chini ya kilichoandikwa kwenye stika, kwani kona moja ya kasi inatosha kuvua tairi kwenye rimu.

Sponji ya chujio la hewa ioshe kwa maji ya sabuni kila baada ya kutembea mchangani, ikauke, uipake oili. Mchanga ukipita, pete za pistoni zinaisha na moshi wa bluu unaanza. Mikoroshoni, simama mara kwa mara uondoe majani makavu kwenye ekzosi; yanawaka. Oili iwe ya pikipiki, yenye alama ya JASO MA, la sivyo klachi itateleza.

Ya mtumba? Inua kila tairi ulitikise juu na chini, kagua raba za shafti kama zimepasuka, chomoa kijiti cha oili. Ikiwa na rangi ya chai ya maziwa, maji yameingia, ondoka.

Mshikaki haufai hapa. Nyingi zimeundwa kwa mtu mmoja, na abiria wa nyuma anaibinua mashine ikipanda. Watengenezaji pia wanataka mtoto chini ya miaka 16 asiendeshe mashine ya watu wazima. Na Msimbati imo ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, ambako kasa hutaga: pita ofisini kwao kwanza uulize ni sehemu gani ya ufukwe unaruhusiwa kuendesha.