Kibodi inayosikia bila kuona: uzoefu wangu wa kuandika hanja kwa kibodi ya Kikorea

Slaidi yangu ya kwanza mbele ya darasa ilibeba kichwa kinachosomeka "Uovu wa taifa". Nilichokusudia kilikuwa "Muziki wa taifa".

Nilikuwa Seoul, muhula wa kwanza wa shahada ya pili, na mada yangu ni muziki wa ikulu wakati wa ufalme wa Joseon. Muziki wa jadi wa Korea huitwa gugak, 국악. Ukiuandika kwa hanja, yaani herufi za Kichina kwa matamshi ya Kikorea, unapata 國樂. Mimi niliandika 國惡. Silabi hiyo ya pili, ak, ina herufi kadhaa zinazogombea sauti moja: 樂 ni muziki, 惡 ni uovu, 岳 ni mlima mkubwa, 握 ni kushika. Kibodi iliniletea zote, kidole kikabonyeza namba isiyo yake, na kwa maandishi madogo ya skrini yangu 樂 na 惡 zilikuwa kama vichaka viwili vya mikoko ukivitazama kutoka ng'ambo ya mlango wa bahari. Profesa alitazama, akakohoa kidogo, akauliza kama nimehamia kitivo cha sheria. Darasa likaangua kicheko. Mimi nilicheka wa mwisho.

Tangu siku hiyo nimeandika kwa njia hii karibu kila siku, mwaka na ushei sasa, na nadhani nina haki ya kuisema vizuri na vibaya.

Nyumbani Unguja watu hudhani kibodi ya kuandikia herufi za Kichina ina vitufe elfu. Haina. Kibodi ya Kikorea ni ileile tunayoijua, na alfabeti ya hangul imepangwa juu yake: konsonanti mkono wa kushoto, irabu mkono wa kulia. Mpangilio huo unaitwa dubeolsik, na vidole huuzoea upesi kuliko unavyodhani. Ukibonyeza mahali pa G, K na S, vipande ㅎ, ㅏ na ㄴ vinajikusanya vyenyewe kuwa silabi moja, 한. Hanja haiandikwi moja kwa moja. Unaandika kwanza sauti yake kwa hangul, kisha unabonyeza kitufe cha 한자, orodha inafunguka, unachagua namba. Basi.

Kompyuta zinazouzwa Korea zina kitufe hicho kando ya kitufe cha nafasi, upande mmoja 한/영 cha kubadilisha kati ya hangul na herufi za Kilatini, upande mwingine 한자. Yangu niliinunua Darajani, haina hata kimoja. Nilibandika stika za hangul, nikaongeza Kikorea kwenye mipangilio ya Windows, na Alt ya kulia ikawa 한/영, Ctrl ya kulia ikawa 한자. Kama kompyuta yako haina Ctrl ya kulia, usikate tamaa: katika mipangilio hiyohiyo kuna kibodi ya vitufe 101 aina ya 3, ambapo Shift na nafasi hubadilisha lugha, Ctrl na nafasi huleta hanja. Hilo sikuambiwa na mtu, nilihangaika nalo wiki nzima. Kwenye Mac ni Option na Return. Ukitumia programu ya maandishi ya Hancom, ambayo ofisi nyingi za Korea huipenda, F9 inafanya kazi hiyohiyo.

Sasa, jambo linalopaswa kueleweka kabla ya lolote ni kwamba kibodi hii inasikia, haioni. Haijui unataka kuchora nini wala kusema nini, inajua tu umetamka nini. Fikiria Kiswahili kingeandikwa kwa maana badala ya sauti. Ukiandika "paa", kompyuta ingekuuliza: la nyumba? Swala mdogo wa porini? Kupaa angani? Au kuparua magamba ya samaki? Mkorea anaulizwa hivyo kila mara. Sudo, 수도, inaweza kuwa 首都, mji mkuu, au 水道, maji ya bomba. Uisa, 의사, ni daktari, 醫師, lakini pia ni nia, 意思, na pia shujaa aliyejitoa mhanga kwa haki, 義士.

Kosa langu la slaidi lilitokana na kugeuza silabi moja moja. Ukiandika 국 ukaigeuza, halafu 악 ukaigeuza, kila silabi inakuja na orodha yake ndefu na wewe ndiye unayebeba mzigo wote wa kuchagua. Ndani ya Word ni afadhali uandike neno zima, 국악, ulichague lote, ndipo ubonyeze kitufe. Hapo inatafuta katika kamusi ya maneno, na chaguo hupungua kabisa. Kuna hata mahali pa kuiagiza iweke hangul kwanza na hanja kwenye mabano, 국악(國樂), kama majarida ya kitaaluma yanavyotaka. Aliyenifundisha hili ni kaka mmoja Mkorea aliyenitangulia mwaka mmoja, na tangu hapo namwita sunbae, mtangulizi wangu, kwa heshima ya kweli na si ya desturi tu.

Orodha yenyewe naipenda. Kwenye kompyuta yangu kila herufi huja na jina lake la kimapokeo, maana kwanza, sauti baadaye: 天 ni "haneul cheon", mbingu, cheon. Hivyo ndivyo watoto wa zamani walivyokariri kitabu cha herufi elfu, na hivyo ndivyo nami nilivyozikariri bila kukusudia, kwa kuzisoma tu nikitafuta namba ya kubonyeza. Herufi mia kadhaa nimezipata bure namna hiyo.

Lakini majina ya watu wa kale yananitoa jasho. Mwanamuziki Bak Yeon, aliyetengeneza upya muziki wa ibada wa ikulu chini ya Mfalme Sejong katika karne ya 15, anaandikwa 朴堧. Jaribu kuitafuta hiyo 堧 kwa sauti ya yeon. Nililazimika kuifungua orodha yote na kushuka, kushuka, kushuka. Na ukikutana na herufi usiyojua inavyosomwa, kibodi haikufai kitu, kwa sababu mlango pekee wa kuingilia ni sauti. Hapo naenda kwenye kamusi ya hanja ya Naver, tovuti ya Kikorea, ninaichora kwa kipanya kama mtoto wa chekechea, inanipa sauti, narudi. Ikiwa herufi tayari iko kwenye maandishi, kuna njia fupi: ndani ya Word, ichague kisha bonyeza kitufe cha hanja, itageuka kuwa hangul mbele yako. Hii imeniokoa mara nyingi kuliko ninavyopenda kukiri.

Yaliyonichosha zaidi ni ya 樂, herufi ileile ya slaidi. Ikiwa muziki, inasomwa ak. Ikiwa furaha, inasomwa rak, kama katika 苦樂, gorak, dhiki na furaha. Furaha hiyo ikiwa mwanzoni mwa neno, matamshi ya Korea Kusini hayapendi r ya kuanzia, hivyo inakuwa nak, kama 樂園, nagwon, bustani ya raha. Na ikimaanisha kupenda kitu, inasomwa yo. Sauti nne, umbo moja. Wakorea walipopanga viwango vyao vya herufi za kompyuta mwaka 1987, sasa vikiitwa KS X 1001, waliweka hanja 4,888 kwa kufuata sauti, hivyo herufi yenye sauti mbili ikaingizwa mara mbili. Marudio hayo yako 268, na Unicode, orodha ya kimataifa inayoipa kila herufi namba yake ndani ya kompyuta, iliyachukua yote. Kwa hiyo 樂 iliyoandikwa kwa ak ina namba U+6A02, ya rak ina U+F95C, ya nak ina U+F914, ya yo ina U+F9BF. Kwa jicho ni kitu kilekile. Kwa kompyuta ni watu wanne.

Nililigundua hilo usiku mmoja nikihesabu mara ngapi 樂 imetokea katika rasimu yangu ya tasnifu. Programu niliyokuwa nikitumia ilihesabu chache mno. Nikaona 苦樂 iko pale mbele ya macho yangu, nimeiandika kwa mkono wangu, na utafutaji unasema haipo. Nilidhani nimeanza kuchanganyikiwa. Mwenzangu wa sayansi ya kompyuta aliipitisha faili kwenye programu ndogo inayozirudisha pacha zote kwenye namba moja, utaratibu ambao Unicode wenyewe wameuweka, na herufi zangu zikatokea. Kama unaandika tasnifu yenye hanja, fanya hivyo mapema, usingoje kama mimi hadi wiki ya kukabidhi.

Dada ninayeishi naye chumba kimoja, Mkenya aliyesoma Kichina, aliomba aijaribu aandike barua kwa rafiki yake wa Beijing. Alichoka ndani ya dakika tano. "Aki dada, hii kibodi yako haijui Kichina!" Nikamwambia haijui kweli, inajua Kikorea. Kwa jina la China yeye anasema zhongguo, kibodi inataka jungguk. Anataka 国 ya kisasa iliyorahisishwa, inamletea 國 ya zamani, maana Korea haikufuata urahisishaji wa Beijing. Na sentensi ya mazungumzo ya kawaida ya Kichina haimo katika kamusi ya maneno ya Kikorea, hivyo anabaki na silabi moja moja. Alirudi kwenye pinyin yake, Kichina kinachoandikwa kwa herufi za Kilatini, akinung'unika. Ukitaka Kichina, usije huku.

Wanafunzi wenzangu Wakorea wenyewe hukitazama kitufe cha 한자 kama tunavyoitazama barua ya babu iliyoandikwa Kiswahili kwa herufi za Kiarabu: wanajua ni chao, kukisoma ni shughuli. Sheria ya mwaka 1948 ilitaka hati za serikali ziandikwe kwa hangul, na shuleni siku hizi hanja za msingi ni 1,800 tu. Mmoja aliniambia hukitumia kitufe hicho kwa jambo moja, alama. Ukiandika konsonanti peke yake bila irabu kisha ukabonyeza hanja, zinakuja alama badala ya herufi: ㄹ inaleta ℃ na vipimo vingine, ㅎ inaleta herufi za Kigiriki, ㅁ inaleta nyota na maumbo. Sasa nami sitafuti alama popote pengine.

Kwa hiyo hizi hapa chini zimeandikwa kwa ㅁ na Ctrl ya kulia, na ile tupu ni ya 樂.

★★★★☆