Mbuzi ya nazi kwa nyumba ya mkataba

Nyumba nyingi zinazopangishwa Unguja pamoja na samani zake, zile ambazo mtu wa mkataba hutafutiwa na kazini kwake, zina jokofu, blenda, birika la umeme na sufuria za kutosha. Mbuzi ya kukunia nazi hazina. Mwenye kazi haoni upungufu huo, maana asubuhi ameshatoka. Anayeuona ni mwenzake aliyeacha shughuli zake Nairobi, Kampala au Kigali akamfuata, ambaye ikifika saa nne anasikia majirani wakikuna nazi, kwaru kwaru, naye mkononi ana kisu cha mboga. Kuazima kunawezekana, ila mbuzi ya jirani inatakiwa saa ile ile unayoitaka wewe.

Tumeilinganisha mbuzi na blenda, tui la kopo na mashine ya kukunia nazi ya sokoni. Inunuliwe wiki ya kwanza, hata kama mkataba ni wa mwaka mmoja.

Mbuzi ya kukunja ni mbao mbili zilizopishana kama marufaa ya msahafu. Ukizifungua unapata kigoda. Mbele hutokeza ulimi wa chuma wenye ncha bapa ya mviringo, iliyochongwa meno. Unguja utazikuta Darajani na Mwanakwerekwe kwenye maduka yanayouza vifumbu, vikapu na mikeka; Pemba, nenda Chake Chake. Usinunue kwa macho. Ifungue, ikalie, ujitikise kushoto na kulia. Ikilia kwenye maungio, siku ya kukuna itakutembeza jiko zima. Kisha tazama ulimi ulivyofungwa: ulioshikwa na msumari mmoja huanza kucheza baada ya wiki chache, wa misumari miwili au zaidi hutulia. Meno yapitishe kidole gumba polepole. Yanatakiwa kukwaruza bila kuchana. Yakiwa marefu mno yatang'oa nazi vipande vipande, na vipande havitoi tui. Mbao ikiwa nyepesi sana mkononi, iache. Mbao laini ya mwembe huliwa na wadudu mapema.

Kasoro yake kubwa kwa nyumba za siku hizi ni sakafu. Mbuzi imezoea ardhi na saruji, na kwenye vigae inateleza na kuacha mikwaruzo ambayo mwenye nyumba ataihesabu siku ya kurudisha funguo. Tandika mkeka mkuukuu au gunia chini yake. Kasoro ya pili ni kutu, kwa hewa hii ya chumvi. Ukimaliza osha ulimi, ufute, uuweke juani au karibu na moto dakika chache, halafu uupake tone la mafuta ya nazi. Mbuzi iliyolala na maji usiku mmoja asubuhi ina madoa mekundu, na tui la kwanza litatoka na ladha ya chuma. Meno yakiisha makali, fundi wa visu huyapitishia tupa.

Chombo kizuri hakiokoi nazi mbaya. Chagua iliyokauka, nzito, itikise sikioni usikie maji yakicheza. Isiyo na mlio kabisa huenda imepasuka na kuoza. Tazama na yale macho matatu: yakiwa na ukungu, irudishe. Koroma nalo ni tamu kutafuna, lakini tui lake ni maji matupu. Kuvunja, ishike kwa kiganja juu ya bakuli, uipige kiunoni kwa mgongo wa panga huku ukiizungusha, mpaka ufa uzunguke. Onja maji kabla ya kukuna. Yakiwa machungu au makali, nazi hiyo haifai, na ni heri kujua sasa kuliko wali ukiwa umeshaiva.

Sasa kukuna. Kaa, sinia liwe chini ya ulimi, shika kifuu kwa mikono miwili. Anza ukingoni, uende ndani kidogo kidogo ukikizungusha, kwa mkono mwepesi. Wageni wengi hukandamiza wakidhani wataharakisha, ikatoka mabonge. Ukianza kuona unga wa rangi ya kahawia, acha, umefika kwenye ngozi. Ndiyo inayotia tui weusi na kuufanya wali uonekane umechakaa. Siku za mwanzo nazi moja itakula robo saa. Ukizoea, dakika tano.

Kwa mchele nusu kilo, nazi moja kubwa inatosha. Tia maji ya vuguvugu kikombe kimoja, fikicha dakika mbili, kamua kwenye kifumbu au chujio: hilo ndilo tui zito, liweke kando. Rudia mara mbili kwa maji zaidi upate tui jepesi, hadi yote pamoja yakaribie lita moja. Mchuzi hupikwa kwa jepesi, zito huingia mwisho. Likishaingia usiache kulikoroga kwa upawa na usilitie moto mkali, maana mafuta yatajitenga na tui litakatika. Ndimu au ukwaju mwingi kabla halijachemka huleta balaa hilo hilo. Na tui halilali nje: kwa joto hili linachacha ndani ya saa chache. Kwenye jokofu, mpaka kesho.

Blenda tusiidhulumu, tui inatoa. Tatizo ni kwamba nyama ya nazi lazima uibandue kwa kisu, na kisu hicho kikiteleza kinaishia kiganjani. Ngozi ya kahawia inaingia humo humo. Tena blenda haizunguki bila maji mengi, kwa hiyo tui zito la kweli hulipati. Halafu uniti za Tukuza, umeme wa kulipia kabla, zikiisha, umekwisha. Umeme wa Unguja hutoka bara kwa waya uliopita chini ya bahari. Waya ulipoharibika Desemba 2009, kisiwa kilikaa bila umeme huo karibu miezi mitatu, na wali wa nazi uliendelea kupikwa.

Mashine ya sokoni ina faida moja, haraka. Ramadhani, nyumba inapokuna nazi tatu nne kila alasiri kwa muhogo, majimbi na ndizi za futari, haraka hiyo ina thamani. Ila inakuna mpaka ngozi, na mabaki ya nazi ya aliyekutangulia yanaweza kuwa yameshaanza kuchacha ndani. Omba ioshwe. Tui la kopo tunaliweka kabatini kwa siku ya homa. Mengi yametiwa vitu vya kuyafanya mazito, mchuzi unapendeza macho lakini wali hautoi ile harufu.

Machicha, yaani nazi iliyokwisha kukamuliwa, usiyamwage kwenye sinki, nyuzi zake hukusanyika bombani na maji yakagoma. Mpe jirani mwenye kuku, leo leo, kabla sisimizi hawajapata habari. Vifuu vikaushe, vinawasha mkaa vizuri. Nazi ukiwa nazo nyingi, zikune zote siku moja, ugandishe fungu la kila nazi mbali.

Alama zetu: nne kati ya tano, ile moja imekwenda na vigae. Mkataba ukiisha, mbuzi hukunjwa ikalala bapa kwenye sanduku. Funga meno kwa kitambaa kizito, uitie kwenye mzigo mkubwa. Kwenye mkoba wa mkononi uwanja wa ndege watakuzuia kwa ajili ya yale meno.