NOT ya PubMed imenikatia makala yangu

Haya, habari zenu, karibuni tena. Mimi nipo Kisumu, huku Nyalenda, na hizo kelele mnazosikia ni mvua kwenye mabati. Si maikrofoni. Maikrofoni ni mpya, tutaizungumzia siku yake. Leo nina hasira na kineno cha herufi tatu tu: NOT, kile cha kutoa neno usilolitaka kwenye utafutaji.

Wiki iliyopita msimamizi wangu alifungua sura ya pili ya tasnifu yangu, ile ya mapitio ya maandiko, akaishuka mpaka chini, akauliza, "Na ile makala ya konokono wa hapa kwetu iko wapi?" Nikamwambia, mwalimu, nimetafuta PubMed, haipo. Akatoa simu yake, akatafuta mbele yangu. Ikatokea ya tatu. Ya tatu, jamani! Nilitoka kwenye ile ofisi nimenywea kama samaki wa jana.

PubMed yenyewe siwaelezi, mnaijua. Ni hifadhidata ya kutafutia makala za tiba, ya bure, ya Maktaba ya Taifa ya Tiba ya Marekani, ipo tangu 1996, rekodi zimepita milioni 35. Na AND na OR mnazijua: AND inabana, inataka maneno yote; OR inapanua, inatosheka na lolote kati yao. Ila ziandikwe kwa herufi kubwa. Hilo nalirudia kwa sababu kwenye maoni ya video iliyopita kuna mtu kaniambia "haifanyi kazi", kumbe ameandika "or" ya kawaida.

Na mabano. Mabano lazima niyaseme kabla sijafika kwenye hasira yangu. Ghuba yetu hii ya Ziwa Victoria ina majina matatu: Winam, Nyanza, na kwenye maandishi ya zamani Kavirondo. Maji ni yale yale. Sasa mimi natafuta kichocho, yaani schistosomiasis, ugonjwa unaoenezwa na konokono wa majini, kwenye ghuba hii. Nikiandika hivi, angalieni skrini, schistosomiasis AND Winam OR Kavirondo, PubMed inasoma kutoka kushoto kwenda kulia bila kufikiria. Inachukua kichocho cha Winam, inakiweka kando, halafu inazoa kila kitu chenye Kavirondo, kiwe na kichocho kisiwe nacho. Ni kama kwenda mkahawa wa samaki ukasema "nipe ugali na ngege au mbuta", ukaletewa mbuta mkavu bila ugali. Basi weka mabano: schistosomiasis AND (Winam OR Kavirondo OR "Nyanza Gulf" OR "Lake Victoria"). Ugali na samaki, samaki ni huyu au yule. Imeisha hiyo.

Sasa NOT. Sogeeni karibu.

Mimi nilitaka ziwa upande wa Kenya pekee. Nikajiona mjanja. Nikaandika schistosomiasis AND "Lake Victoria" NOT Uganda. Matokeo yakashuka, nikafurahi, nikaenda kunywa chai. Kosa hilo hapo, na nitawaonyesha kwa vidole. Nafuta NOT, naweka AND. Sibadilishi kingine chochote. schistosomiasis AND "Lake Victoria" AND Uganda. Mnaelewa nimefanya nini? Hii orodha iliyotokea ndiyo ile niliyokuwa naitupa. Hili ni jalala langu. Tulipekue.

Hii ya kwanza, sawa, ni ya Uganda kweli, iende. Ya pili hivyo hivyo. Halafu hii hapa. Kichwa: Kenya. Ikisiri: Kenya mwanzo mwisho, naisoma mara mbili, Uganda siioni. Mbona ilitupwa? Nabonyeza hapa chini ya majina ya waandishi, zile anuani zao zifunguke... mmeona? Mwandishi wa nne. Kampala, Uganda. Mtu ameshirikiana na wenzake wa Kisumu, ameandika anuani ya kazini kwake, na NOT yangu imefyeka makala nzima kwa sababu ya anuani!

Neno ukiliacha uchi, bila lebo, PubMed hulitafuta karibu kila sehemu ya rekodi, na anuani za waandishi zimo. Ukitaka liangaliwe kwenye kichwa, ikisiri na maneno muhimu ya waandishi tu, libandike lebo: Uganda[tiab]. Mabano ya mraba, herufi nne, hakuna nafasi. Jaribu tena na NOT... naam, ya anuani imerudi.

Lakini ngoja, msishangilie. Hii nyingine bado haionekani, kwa sababu ikisiri yake inasema "Kenya, Uganda na Tanzania". Ziwa ni la watu watatu, na sisi fungu letu ni asilimia 6 hivi. Nani atachunguza ziwa hili bila kutaja jirani? Kwa hiyo mimi Uganda siitoi tena. Naongeza ninachokitaka: AND (Kenya[tiab] OR Kisumu[tiab] OR Homa Bay[tiab]). Badala ya kufukuza wageni, naita wenyeji kwa majina.

Naichukia NOT. Sawa, nimesema naichukia, lakini kuna moja naiheshimu. Watu wa mapitio ya kitaalamu huandika NOT (animals[mh] NOT humans[mh]), na hiyo [mh] ni lebo ya mada ambazo makala imepangiwa. Isomeni polepole. Hawasemi "toa wanyama", maana makala yenye watu na panya pamoja ingeondoka. Wanasema toa zile za wanyama ambazo hazina watu. NOT ndani ya NOT! Aliyebuni hiyo alikuwa na akili timamu. Basi naichukia siku za wiki, wikendi tunasalimiana.

Najua mtaniambia Google Scholar. Mwalimu aliipata kule, nakubali, na sina neno. Ila kule lebo kama hizi huna, kutoa neno ni kwa alama ya kutoa, sentensi yako ikipita herufi 256 inakatwa, na hata ukiambiwa matokeo ni laki moja, utaonyeshwa 1,000 tu. Kwa kuchungulia, nzuri. Kwa sura ya pili, hapana. Na wale wa kuuliza programu za gumzo za akili bandia ziwatafutie marejeo: mnaweza kuletewa makala tamu ambayo haijawahi kuandikwa na mtu. Yamemkuta rafiki yangu, sitaki kumcheka hapa.

Bei? Kutafuta ni bure, kusoma ndiyo shughuli. Utabonyeza makala, uambiwe dola 30, 40, na wewe bando yenyewe umenunua ya shilingi hamsini. Kwa hiyo pale kushoto kuna "Free full text". Nitakiweka alama, lakini wakati wa kusoma tu. Ukikibonyeza wakati wa kutafuta, ni NOT nyingine hiyo, imevaa koti.

Aa, stima imeenda. Mnanisikia bado? Laptopu ina dakika chache. Haraka haraka: chaneli imefika watu elfu mbili, asanteni sana, na Jumamosi nitaonyesha namna ya kufanya PubMed ikutumie barua pepe makala mpya ikiingia. Ile sentensi ndefu ya kichocho na ghuba nimeibandika chini ya video, nakilini. Na kabla hamjaweka NOT yoyote ndani yake, wekeni AND kwanza mpekue jalala, halafu mniandikie kwenye maoni mlichokuta
 humo.